Gari la Vijana, Mnada wa Wazee

Jamani, tusidanganyane. Kila ninapokaa kijiweni na wenzangu wanaopenda magari, wimbo ni ule ule: yale magari ya zamani ya Kimarekani, yenye injini kubwa na mngurumo wa simba, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli, yanakufa. Ukiuliza nani anayaua, utatajiwa watuhumiwa watatu: serikali, watu wa mazingira na gari la umeme. Mimi sikubali. Nasema muuaji yumo ndani ya nyumba na jina lake ni bei. Tena bei haijipandishi yenyewe. Imepandishwa na hao hao wanaojiita wapenzi wa magari hayo.

Kwanza tukumbushane yalivyozaliwa. Kampuni ya Pontiac, katika magari yake ya mwaka 1964, ililichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati, Tempest LeMans, ikalitia injini ya V8 ya lita 6.4 iliyokuwa ya magari makubwa. Nyuma ya ujanja huo alikuwepo mhandisi John DeLorean na wenzake. General Motors, kampuni mama, ilikuwa na kanuni ya kuzuia injini kubwa namna ile kwenye magari ya kati. Vijana wa Pontiac wakapitia dirishani: hawakusema ni gari jipya, waliiuza injini kama nyongeza ya kuchagua, wakaipa jina GTO. Wakubwa waliruhusu magari 5,000 tu. Mwaka ule wa kwanza yakauzwa zaidi ya 32,000.

Aprili 1964 Ford nao wakaitoa Mustang, bei ya kuanzia dola 2,368. Kwa mwaka 1968 Plymouth wakaja na Road Runner: bei ya kuanzia dola 2,896, sakafu haina zulia, kiti cha mbele kirefu kama benchi, lakini chini ya boneti injini ya lita 6.3. Waliilipa Warner Bros. dola 50,000 ili watumie jina la yule ndege wa katuni, na honi ikatengenezwa ilie kama yeye. Hebu fikiri, msomaji: gari lenye honi ya katuni! Huo ni utani wa vijana, uliopangiwa bei ya vijana. Dola 2,896 za wakati ule ni kama 26,000 za leo. Kijana wa kiwandani aliweza kukopa, akapiga kazi wiki nzima, na Jumamosi usiku akawa Woodward Avenue, Detroit, mguu juu ya moto, akingoja taa iwe kijani.

Sasa njoo mnadani. Juni 2014, mjini Seattle, Plymouth Hemi 'Cuda ya mwaka 1971 isiyo na paa la chuma, moja kati ya chache mno zilizotengenezwa, iligongewa nyundo kwa dola milioni 3.5. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, ikauzwa ile Mustang ya kijani iliyotumika katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968. Pamoja na ada za mnada ilifika dola milioni 3.74. Na jueni hili: familia iliyoiuza ilikuwa imeinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000, na kwa miaka kadhaa mama wa nyumba hiyo aliiendesha kwenda kazini kufundisha. Gari la filamu, mwalimu anaenda nalo shule! Niambie leo ni mwalimu gani atakwenda shule na dola milioni tatu na ushei.

Mtaniambia hayo ni magari ya ajabu, si kila gari ni la Bullitt. Sawa. Lakini bei ya juu huvuta bei ya chini. Jirani akisikia mnada umefika milioni, hata mkweche wake uliooteana na nyasi nyuma ya nyumba anautajia bei ya kiwanja. Na ukishaununua ndipo mateso yanaanza: kunyoosha bodi, kupiga rangi, kushona viti, kusuka injini upya. Mwaka 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa vipuri vingi vya magari kutoka nje. Petroli nayo si ile ya zamani. Risasi, iliyokuwa ikizikinga vali za injini zile, ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani huko Marekani tangu Januari 1996, na haki ilitendeka maana ilikuwa sumu kwa watoto. Ethanoli inayochanganywa siku hizi hula mipira ya zamani ya kabureta. Yote yanatengenezeka, lakini kila tengenezo lina bei yake, na kijana hana.

Halafu kuna hiki kichaa cha namba. Wanunuzi wakubwa wanataka namba ya injini, ya gia na ya bodi zioane kama zilivyotoka kiwandani. Gari lililobadilishwa injini linashuka thamani, na lililotembea sana nalo hivyo hivyo. Ndugu zangu, magari haya yalizaliwa kwa kubadilishwa injini! GTO yenyewe ni nini kama si injini ya gari jingine? Leo soko linamwadhibu mtu kwa kufanya kile kile kilicholifanya gari liwe maarufu. Bora ni lile lisiloguswa, lisilonyeshewa, linalosafiri juu ya lori kutoka gereji yenye kiyoyozi hadi uwanja wa mnada. Hilo ni gari au maiti iliyopakwa mafuta?

Nawasikia wenye hoja: "Fedha zetu ndizo zilizoyaokoa. Bila bei nzuri yangeozea jalalani." Kuna kweli hapo, siwezi kukataa. Bei ndiyo iliyofanya vipuri vitengenezwe upya, hadi bodi nzima mpya za Camaro na Mustang za zamani. Lakini kuokoa ni nini? Ukimwokoa mtu mtoni kisha ukamfungia kabatini asilowe tena, umemwokoa au umemteka?

Na hao watuhumiwa wengine? Tuwape haki yao. California, jimbo linalosemwa kuwa na sheria kali za moshi kuliko yote, haiyapimi moshi magari ya mwaka 1975 na kabla. Maana yake GTO, Road Runner na Hemi 'Cuda zote zinapita. Mswada wa kuwasamehe pia wenye magari mengine yaliyotimiza miaka 35 ulikwama Agosti 2025, hiyo ni kweli, na wenye magari ya mwisho wa miaka ya 70 wana haki ya kulalamika. Ile kanuni ya 2022 ya kufika 2035 bila magari mapya ya petroli tupu ilihusu magari mapya, si ya babu yako. Hata hiyo, Juni 2025 Rais Trump alitia saini azimio la kuifuta, na California ikakimbilia mahakamani. Sheria inasumbua, lakini hapa marehemu hana jeraha la sheria.

Tena tazameni historia. Magari haya yaliwahi kufa mara moja. Kampuni za bima ziliwapandishia vijana ada, ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikaifungia Marekani mafuta. Nini kilitokea? Matajiri wa siku zile waliyatupa, yakashuka bei, na watoto wa shule wakayaokota. Kizazi kizima kikajifunza ufundi juu ya mabaki hayo, mikono imejaa grisi. Kifo cha kwanza kiliwapa vijana magari. Hiki cha pili kinawanyang'anya. Na mapya hayawaokoi: Dodge walifunga Challenger na Charger ya V8 mwishoni mwa 2023, Chevrolet nao wakaifunga Camaro. Mustang imebaki, nayo si bei ya mtoto wa kiwandani.

Mwenzenu nilijifunza kusikiliza kabureta kwenye Peugeot 504 ya mjomba. Aliniambia, "Usiangalie, sikia." Nikageuza skrubu taratibu hadi injini ikaacha kukohoa, ikatulia. Elimu ile haikuandikwa kitabuni. Mjomba angeiweka 504 yake chini ya turubai angoje ipande bei, mimi leo nisingejua lolote. Ndivyo ilivyo Detroit, ndivyo ilivyo Ilala: ufundi haurithiwi kwa kutazama dirishani.

Na hapo ndipo wawekezaji wanapojichimbia kaburi. Waliozipenda injini hizi tangu ujanani ni watu waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Wanazeeka, wanaondoka. Nani atanunua mikononi mwa warithi wao? Thamani ya gari ni hamu ya mtu, na hamu haitoki kwenye karatasi ya mnada; hutoka kwa kupakiwa siku moja ukiwa na miaka kumi, ukasikia kifua kinatetemeka. Asiyepakiwa hatatamani, na asiyetamani hatanunua. Bei zilizopaa hadi 2007 ziliporomoka uchumi ulipoyumba 2008. Wajifunze basi.

Nataka nini? Nataka mwenye magari kumi auze mawili kwa kijana kwa bei ya kijana. Nataka wenye gereji wafungue milango Jumamosi, watoto waguse. Nataka mtu asitukanwe akiweka injini nyingine, hata ya umeme. Ndiyo, ya umeme! Mwaka 2021 Ford waliuza mota ya umeme ya kufungwa kwenye gari lolote kwa dola 3,900, betri shauri yako. Wazee walipiga kelele. Lakini kijana anayeitia mota hiyo katika bodi ya 1968 anafanya kile alichofanya DeLorean: anachukua nguvu ya gari moja na kuitia katika jingine bila kuomba ruhusa.

Kila Agosti, tangu 1995, magari ya zamani hukusanyika na kutembea Woodward Avenue. Kando ya barabara hukaa watu na viti vyao, wanatazama. Wengi walio nyuma ya usukani wana mvi. Siku usukani ule utakaposhikwa na binti wa miaka ishirini, gari lina mkwaruzo ubavuni na injini isiyo na namba inayooana, mje mniambie magari ya misuli yamekufa. Kabla ya hapo, msinililie serikali. Toeni turubai, mpeni mtoto ufunguo.