Aliyetumwa China Asirudi Bubu



Kila mwaka vijana wetu huondoka kwenda China kusomea udaktari, uhandisi na kazi nyinginezo. Tunawasindikiza uwanja wa ndege kwa vigelegele, kisha tunarudi majumbani tukidhani ya kwamba kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inaanza, na mahali inapoharibikia ni mwaka ule wa kwanza, mwaka wa kujifunza Kichina. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa huko.

Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa nimezoea kusimama mbele ya darasa na kusikilizwa. Nilipofika Beijing nikageuka mtoto mdogo. Mgeni hana budi kuandikishwa polisi katika saa 24, na mwenye viza ya masomo marefu aombe kibali cha ukaazi kabla siku 30 hazijapita. Nilizunguka na makaratasi yangu ofisi hata ofisi, nikionyesha kwa kidole kama bubu. Ukaja na baridi, ambayo Januari hugandisha maziwa ya mjini hata watu wakateleza juu yake.

Basi Watanzania tukafanya nini? Tukakusanyika chumba kimoja, tukasonga ugali, tukazungumza Kiswahili mpaka usiku wa manane. Tulipotoka nje tuliwatafuta wageni wenzetu, tukasema nao Kiingereza. Udugu ule ulikuwa mtamu, nao ulituponya upweke. Lakini tuliugeuza ukuta. Mwezi wa tatu nikaanguka mtihani, na aibu ikanitoa chumbani.

Nilikwenda sokoni kununua vitunguu. Katika Kichina, neno "mai" sauti ikishuka kisha ikapanda, maana yake ni kununua. Ikiteremka kwa ghafla, maana yake ni kuuza. Mimi nikamwambia mama wa mboga kwamba nataka kumwuzia vitunguu vyake mwenyewe! Akacheka, akanisahihisha, akanirudisha tena na tena mpaka nikapatia. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake kila jioni, na yule mama alinifundisha mengi kuliko kitabu.

Wako wasemao ati Kichina hakimwelekei Mwafrika. Hiyo ni kasumba. Mchina akihesabu vitabu hutia neno "ben", akihesabu meza au karatasi hutia "zhang", na samaki, mto na barabara huviweka pamoja katika "tiao". Mzungu hushangaa, sisi tuliozaliwa ndani ya ngeli tunashangaa nini? Maandishi ni magumu, sikatai, lakini hayo ni kazi ya mkono na subira, na mwana wa mkulima anaijua kazi ya mkono.

Wala sisemi kwamba huko ni peponi. Emmanuel Hevi wa Ghana, aliyesoma Peking, alichapisha kitabu mwaka 1963 akieleza upweke, kudharauliwa na siasa iliyowachosha. Wengi wa wenzake Waafrika waliondoka kabla ya kumaliza. Dharau ipo hata leo, na hatuna haja ya kuificha. Lakini mwenye kujua lugha huijibu dharau papo hapo. Asiyeijua huimeza.

Tazameni wenzetu walivyotuwahi. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961, na Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo huo. Yaani walijifunza kusema nasi kabla bendera yetu haijapanda! Nasi tulijua wajibu wetu: mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi ya reli. Reli yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Na leo je? Niliporudi nilifika mahali panapojengwa barabara. Msimamizi Mchina na vibarua wetu walikuwa wakigombana kwa sababu ya saa za ziada. Mkalimani pekee alikuwa wa kampuni. Nilisikiliza: maneno ya vibarua yalikuwa matano, yaliyomfikia msimamizi yalikuwa mawili. Niliposema yale matatu yaliyobaki, msimamizi alinyamaza, kisha akaita daftari la mahudhurio. Ndugu zangu, ikiwa ndivyo ilivyo kwa saa za kibarua, itakuwaje kwa mkataba wa daraja au wa mgodi? Asiyejua tofauti ya "mai" na "mai" atauza akidhani ananunua.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, asiondoke kijana bila miezi kadhaa ya masomo ya Kichina hapa hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi ya lugha hiyo tangu mwaka 2013. Pili, wanafunzi waliotangulia wawapokee wageni, wawapikie ugali siku ya Jumapili, lakini siku sita zilizosalia wawasukume nje wakaseme na wenyeji. Tatu, anayerudi na lugha hiyo asiachwe akizunguka mjini kutafuta kazi. Awekwe mezani panapotiwa sahihi mikataba, upande wetu wa meza.

Kujifunza lugha ya mtu si kuwa mtumwa wake. Mtumwa ni yule anayengoja atafsiriwe. Enyi mnaofunga mizigo sasa, chukueni nguo nzito na unga kidogo, lakini haya mwiacheni nyumbani. Kosea sokoni, chekwa, sema tena. Taifa limekutuma ukachukue ulimi. Usiturudishie cheti kitupu.