Ngoma Ivumayo Haidumu

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia baada ya masomo, uso umemwinamia. Kijana huyu hupiga gitaa vizuri. Mwaka jana wimbo wake mmoja ulienea katika simu za watu hapa Goma, toka Birere hata Himbi, na wenzake wakawa wakimwita njiani kwa jina la wimbo huo. Mwaka huu ametunga nyimbo mbili nyingine, wala hakuna aliyezisikiliza ila ndugu zake. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimekwisha. Nataka kuliuza gitaa." Umri wake ni miaka 17.

Sikumcheka. Aliyesifiwa kisha akaachwa huona uchungu asioujua yule ambaye hakusifiwa kamwe.

Waingereza wana msemo kwa mtu wa namna hii: husema amefifia akaingia gizani. Wafaransa husema ameanguka katika usahaulifu. Wazee wetu wamenena kwa ufupi zaidi: ngoma ivumayo haidumu. Lakini misemo hii yote haitujibu swali la kijana. Je, mtu akisahauliwa, amepoteza nini hasa?

Basi nikamweleza habari za Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya katika Katanga, aliyezaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, alimkuta mjini Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi nyimbo zake. Mmoja wao uliitwa "Masanga". Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Aliimba Kiswahili cha Katanga, na santuri zake zikavuka mipaka. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi, nyimbo zake zikitangazia vidonge vya Aspro katika redio, na wapiga gitaa wa Kenya wakaiga mtindo wake. Mwaka 1969 alifika Newport, Marekani, akapiga mbele ya umati katika tamasha kubwa.

Hata hivyo, nchini kwake mwenyewe uvumi ulikuwa umekwisha kuhama. Katika miaka ya 1960 vijana walitaka kucheza rumba ya bendi za Léopoldville, yaani Kinshasa: African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, zenye magitaa ya umeme, tarumbeta na waimbaji wengi, na maneno ya Kilingala. Mtu mmoja mwenye gitaa kavu angewezaje kushindana na kishindo kile? Hakukosea neno. Vidole vyake vilikuwa ni vile vile. Masikio ya watu ndiyo yaliyogeuka.

Hapa kijana akaniuliza, "Akafanya nini basi?"

Nikamjibu kwamba Mwenda hakuwa ameyategemeza maisha yake yote juu ya makofi ya watu. Tangu ujana wake alikuwa na kazi ya ukarani, kwa kuwa alijua kusoma na kuandika. Wala gitaa hakulitupa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpiga gitaa mmoja kutoka Ulaya, John Low, alisafiri hata Shaba kuwatafuta wapigaji wa zamani, akaketi na Mwenda ili ajifunze, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Hata sasa wako watu wa mbali wanaojifunza "Masanga", kidole kwa kidole.

Wasomaji wapenzi, jambo hili laniumiza moyo kidogo. Mgeni alivuka bahari kuja kuuliza kwetu; na sisi tuliokaa jirani, je, tuliuliza? Mtu haingii gizani kwa miguu yake mwenyewe. Mara nyingi ni sisi tunaoondoa taa. Wazazi, katika mtaa wenu yuko mzee aliyekuwa akialikwa kila arusi, na leo hakuna abishaye hodi mlangoni pake. Siku atakapozikwa, tutasema maneno mazuri juu ya ustadi wake, nao ustadi utakuwa umekwisha kushuka kaburini pamoja naye.

Mimi sijui kupiga gitaa. Kwa hiyo nilimtuma kijana kwa mzee mmoja wa namna hiyo, jirani yangu. Nilimwambia asimwombe kumfundisha njia ya kupendwa na watu, bali amwombe amwonyeshe kazi ya kidole gumba. Mzee alimtazama kitambo bila kusema neno, kisha akamwambia, "Kaa hapa, mjukuu wangu," akaomba aletewe kitambaa cha kufutia vumbi.

Sina hakika kama kijana atasifiwa tena. Nalijua hili tu: Jumatatu alifika darasani na mapema, kidole gumba kimechubuka, wala hakunitajia tena habari za kuuza gitaa.

Mpaka juma lijalo.