Mrija wa Jicho Wataka Lindo la Kudumu

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, kazi yenu ni kazi ya macho. Alindaye ghala usiku hana budi kumwona ajaye kutoka ubavuni kabla hajafika. Kwa hiyo leo twapenda kusema juu ya presha ya macho, maradhi ambayo wengi hudhani ni ya wazee tu. Sivyo. Iko namna yake inayowashika watoto na vijana, nayo mara nyingi hurithiwa.

Maradhi haya tusiyachanganye na mtoto wa jicho, ambaye akiondolewa mtu aweza kuona tena. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila saa. Njia ya kutokea ikiziba, shinikizo hupanda, na mshipa upelekao habari kwenye ubongo hufa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu. Kuona kwa pembeni hutangulia kupotea, na kilichopotea hakirudi.

Dawa za matone na upasuaji wa kawaida vikishindwa, madaktari huweza kutia mrija. Dakta Anthony Molteno wa Cape Town alitoa taarifa ya kifaa chake mwaka 1969: mrija mwembamba huyatoa maji ndani ya jicho hadi kwenye kisahani kilichoshonwa juu ya weupe wa jicho, chini ya utando wake, ambako mwili huyanyonya. Siku hizi kiwanda cha Aurolab, huko Madurai, India, hutengeneza kifaa cha jamii hiyo kwa bei nafuu.

Je, miaka ikipita huwaje? Vijana wengi hupata nafuu mwaka wa kwanza, lakini kila mwaka unaofuata idadi yao hupungua. Kovu nene huzunguka kisahani na kuyazuia maji. Mrija huweza kuchomoza na kuingiza vijidudu, au kugusa kioo cha jicho na kukitia ukungu. Wengi huendelea kutia matone, na baadhi hurudi kupasuliwa. Shinikizo likipanda tena, mgonjwa aweza asihisi lolote. Kipimo ndicho kisemacho.

Basi taabu ya askari ni uhamisho. Leo yu mjini karibu na hospitali kubwa, mwakani yu mpakani. Jalada la mwanawe limebaki nyuma na tarehe ya kupimwa imepita. Twawaomba wakuu wa vikosi watoe ruhusa ya kliniki kama watoavyo ruhusa ya msiba. Nawe mzazi, chukua nakala za karatasi za daktari kabla hujafunga mizigo, na ndugu zake mgonjwa wapelekwe wakapimwe. Askari aliye mgonjwa mwenyewe asifiche kwa kuhofia kazi yake, maana aliye lindoni pamoja naye ayategemea macho hayo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa jicho ukianguka, hakuna fundi wa kuujenga upya.