Kurudisha programu ya kiwandani hakukurudishii waranti

Wapenda magari wana imani moja iliyoota mizizi, na mafundi wengi wa kurimapu wanaiuza pamoja na huduma yenyewe. Ukibadilishiwa programu ya kompyuta ya injini ili gari lipate nguvu, wanasema, usihofie waranti: siku ya kwenda sevisi kwa wakala utarudishiwa faili la kiwandani, na gari litaonekana kama halijawahi kuguswa. Faili limehifadhiwa, kazi ni ya muda mfupi, mteja anatoka na nguvu zake na waranti yake. Nasema imani hiyo ni ya uongo mara mbili. Alama hubaki kwenye kompyuta, na hata zisipobaki huko, hubaki kwenye chuma.

Tuanze na kompyuta. Nyingi za siku hizi, kama zile za Bosch zilizojaa kwenye magari ya Ulaya, hazihifadhi ramani za mafuta na hewa peke yake. Huhesabu pia mara ambazo zimeandikwa upya. Ukitia programu mpya, hesabu inapanda. Ukirudisha ya zamani, inapanda tena, maana kurudisha nako ni kuandika. Zipo zana za kukwepa kihesabio hicho na kwa baadhi ya magari hufanikiwa, lakini kinga si hiyo moja. Kila programu ina namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na data yake, na data ikibadilika, namba hubadilika. Huko Marekani, General Motors iliwaagiza mafundi wa mawakala wake kupiga picha ya namba hiyo kwenye skrini kabla ya kuidhinishiwa kubadilisha injini ya dizeli ya Duramax. Kwa Volkswagen na Audi, gari likichomekwa kwenye mashine ya wakala, programu yake hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda; zisipooana, gari huwekewa alama iitwayo TD1, iliyofungwa kwenye namba ya chasisi. Alama hiyo imo kwenye mfumo wa kampuni, fundi wako haifikii, na ukihamia kwa wakala wa mji mwingine utaikuta imekutangulia. Tena mpango mzima wa kurudisha faili unadhani kwamba gari litaharibika kwa miadi. Injini iliyokufa barabarani usiku ikavutwa moja kwa moja hadi kwa wakala haimpitii fundi wa kurimapu kwanza.

Tuseme hata hivyo kwamba fundi wako ni hodari na hakuna tarakimu iliyobaki. Chuma je? Chukua Golf ya petroli ya 1.4 TSI yenye nguvu za farasi 150. Torki yake ni Nm 250. Giaboksi ya otomatiki inayofungwa nayo, DQ200 ya gia saba na klachi mbili kavu, imeundwa kubeba Nm 250, basi. Yaani kiwanda chenyewe kimeipeleka injini hadi ukingoni mwa uwezo wa giaboksi. Ukiirimapu ukaivusha hapo, kila unapoondoka kwenye taa kwa kukanyaga mafuta, klachi zinazoteleza kidogo zinapata joto ambalo hazikuundiwa, na zinalika. Turbo nayo ikisukuma hewa kwa mgandamizo mkubwa zaidi huzunguka kwa kasi zaidi, na mzigo huo huishia kwenye pistoni. Faili la zamani halitaponya klachi iliyoungua wala kuziba pistoni iliyotoboka, na fundi wa wakala akiikuta pistoni ya namna hiyo kwenye gari jipya ataanza kuuliza hata kama mashine haijamwambia kitu.

Watetezi watajibu kwamba viwanda huacha akiba ya nguvu makusudi. Ni kweli, huacha. Lakini akiba hiyo ina kazi: ni ya mafuta mabaya, jua kali, miinuko, na dereva anayechelewa kubadilisha oili. Anayeitumia kwa kasi anaila leo. Tazama viwanda vilipouza nguvu za ziada vyenyewe. Ford ya Uingereza ilipoipandisha Fiesta ST kutoka nguvu za farasi 182 hadi 215 kwa kifurushi cha Mountune mwaka 2014, waranti ilibaki, lakini programu iliambatana na chujio na njia mpya za hewa, na kazi ilifanywa na mawakala wake. Aliyepima mzigo ndiye aliyeahidi kulipa. Fundi wa mtaani anakupa faili. Injini ikivunjika, hakupi injini.

Hoja yao nzito zaidi ni ya sheria. Marekani ina sheria ya waranti ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, na wengi huitaja kana kwamba ni ngao kamili. Haisemi hivyo. Inamzuia mtengenezaji kukunyima waranti kwa sababu tu umetumia kipuri au huduma ya mwingine; akitaka kukataa lazima aonyeshe kwamba badiliko lako ndilo lililoleta hasara. Kwa hiyo dirisha la umeme au redio vikifa kwenye gari lililorimapiwa, unastahili kutengenezewa, na wakala anayekataa hata hivyo (wapo, na wanakera) anafaa kubanwa. Ila rimapu hugusa mafuta, hewa na torki, yaani karibu kila kitu kinachoweza kuvunja injini. Kuonyesha uhusiano hapo si kazi ngumu.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani au Uingereza, na kwa kawaida waranti ya kiwanda imeisha kabla gari halijashuka bandarini. Hao warimapu wakitaka. Hasara ni ya mfuko wao na wanajua. Nawasemea waliotoa fedha nyingi kwa piki-apu mpya ya dizeli kutoka kwa wakala. Subirini waranti iishe, au muulizeni wakala kama kiwanda kina programu yake ya nguvu. Na aliyekwisha kurimapu asirudishe faili ili kuficha: aseme ukweli, adai kile ambacho rimapu haikukigusa, na aweke kando fedha za klachi na turbo, maana atazilipa mwenyewe.