Fidla na Ifuate Shairi

Vijana wetu wa Pwani wanaojifunza fidla wanastahili sifa. Lakini wengi wao huharakia wepesi wa vidole, wakasahau kwamba katika taarabu mwenye baraza ni shairi, na fidla ni mfasiri wake.

Shingo ya fidla haina vigawanyo kama vya gitaa. Kwa hivyo kidole chaweza kuzipata zile robo za sauti zinazohitajiwa na makamu kama Rasti na Bayati. Ndiyo sababu Waarabu waliipokea kwa moyo mkunjufu, na Sami al-Shawa, aliyehudhuria Mkutano wa Muziki wa Kiarabu mjini Cairo mwaka 1932, akapewa lakabu ya Amiri wa Fidla.

Hata hivyo, uhuru bila mwongozo huzaa makelele. Upinde ndio pumzi ya fidla. Ukikazwa na kuvutwa polepole karibu na kidaraja, sauti hunenepa. Ukipitishwa kwa wepesi karibu na shingo, hunong'ona. Itumike ipi? Jibu limo katika maneno. Ubeti wa majonzi haupigwi kama ubeti wa harusi.

Ushauri wetu ni huu: mwanafunzi na alihifadhi shairi kwanza, aliimbe, ajue mwimbaji anapumua wapi, ndipo aushike upinde. Walimu nao wasiridhike na noti sahihi peke yake. Siku hizi kinanda cha umeme huiga sauti ya nyuzi kwa gharama ndogo. Mpiga fidla asiyeyafahamu maneno atadai nafasi yake jukwaani kwa hoja gani?