Ni Nani Mwenye Nguvu Kuliko Wote?





Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, tuliwakuta vijana wetu wamekaa kwenye ngazi za kanisa wakibishana kwa sauti kubwa. Tulidhani ni habari ya mpira, maana aghalabu ndiyo inayowapandisha sauti. Kumbe walikuwa wametazama filamu za The Lord of the Rings, zile tatu zilizotolewa kati ya mwaka 2001 na 2003, nao walikuwa wakishindana juu ya kiumbe gani ndani yake ana nguvu kuliko wote. Mmoja alimtetea Balrog, yule pepo wa moto na giza mwenye mjeledi. Mwingine alisema hakuna wa kumweza Sauron. Wa tatu, aliyekwisha kutazama pia hadithi ya The Hobbit, alishikilia kwamba joka Smaug angewateketeza wote kwa pumzi moja. Walipotuona wakanyamaza ghafla, kama watoto waliokutwa jikoni mkono ukiwa ndani ya chungu.

Siku chache baadaye mama mmoja alitujia na swali lake, naye hakuwa akicheka. Je, si dhambi kwa watoto wa Kikristo kujaza vichwa vyao habari za mapepo, majoka na mzee mchawi mwenye fimbo? Tumeona vema kuwajibu wote kwa pamoja, vijana na mama yetu, kwa kuwa tunaamini swali la vijana ni zuri kuliko wao wenyewe wanavyodhani.

Tuanze na mwandishi. John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, akalelewa Uingereza. Baba yake alifariki angali mdogo. Mama yake, Mabel, alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1900, na kwa ajili hiyo baadhi ya jamaa zake wakakata msaada waliokuwa wakimpa. Alifariki mwaka 1904, akawaacha wanawe wawili chini ya ulezi wa padre, Francis Morgan, wa nyumba ya Oratorio ya Birmingham iliyoanzishwa na Mtakatifu John Henry Newman. Tolkien alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kwenye mapambano ya Somme ya mwaka 1916, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alibaki Mkatoliki mpaka kufa kwake mwaka 1973. Mwaka 1953, katika barua kwa Mjesuiti Robert Murray, alieleza kwamba kitabu chake kina mizizi ya kidini na ya kikatoliki. Basi, mama mpendwa, aliyeiandika hadithi hiyo alikuwa mtu wa kupiga magoti mbele ya Ekaristi Takatifu.

Sasa turudi kwa vijana. Wakitaka kubishana, na wabishane kwa ukamilifu, maana filamu zimewaonyesha sehemu tu ya orodha. Katika kitabu cha The Silmarillion, kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kifo cha mwandishi, tunasoma kwamba juu ya yote yuko Eru, Mmoja, Muumba. Chini yake wako roho aliowaumba, wanaofanana na malaika wetu. Aliyepewa vipaji vingi kuliko wote kati yao aliitwa Melkor, ambaye baadaye aliasi akaitwa Morgoth. Sauron alikuwa mtumishi wake. Mabalrog nao ni roho wa jamii ileile ya Sauron waliopotoshwa na kuingizwa katika uasi. Hata Gandalf, yule mzee mwenye fimbo, ni roho wa jamii hiyo aliyebaki mwaminifu. Alitumwa duniani katika mwili wa mzee anayeona njaa na uchovu, huku akikatazwa kushindana na Sauron nguvu kwa nguvu, au kuwatawala watu kwa mabavu na vitisho. Huyo si mchawi kama tunavyolielewa neno hilo vijijini kwetu.

Wamo pia wengine. Yumo Ungoliant, roho mwovu katika umbo la buibui, aliyekunywa nuru ya Miti Miwili ya ulimwengu wa mwanzo akavimba hata Morgoth mwenyewe akamwogopa, ikabidi aokolewe na Mabalrog wake. Yumo Ancalagon Mweusi, joka mkubwa kuliko majoka wote wenye mabawa, ambaye kuanguka kwake kulivunja minara ya milima. Tukipanga kwa ukubwa wa mapigo, basi kijana aliyemtetea Smaug ameshindwa mapema, kwani Smaug ni mdogo mbele ya hao.

Lakini tutazame jinsi walivyoishia. Smaug aliuawa na mtu mmoja kwa mshale mmoja, kwa sababu ndege mdogo alimnong’oneza mpiga upinde mahali palipokuwa wazi kifuani mwa joka. Ungoliant, inasemekana, mwishowe alijila mwenyewe kwa njaa yake. Morgoth, aliyeanza akiwa mkuu kupita wote, alitawanya nguvu zake katika kuutawala ulimwengu hata akawa mtu wa kujificha ngomeni, akichechemea kwa jeraha alilopewa na mfalme mmoja aliyemwendea peke yake. Sauron alitia sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya Pete ili awatawale wengine, na tangu siku hiyo uhai wake ukategemea kitu kinachoweza kupotea mtoni kama sarafu. Mtakatifu Agostino na Mtakatifu Toma wa Akwino walitufundisha kwamba uovu hauna uwepo wake wenyewe, bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo. Tolkien aliligeuza fundisho hilo kuwa hadithi: muasi hawezi kuumba kitu, anaweza kuharibu tu, na kila anapoharibu anapungukiwa.

Basi ni nani aliyemwangusha Sauron? Hapa ndipo tunapowaomba vijana wafikiri upya, kwa sababu jibu halimo katika orodha yao.

Pete ilipaswa kutupwa katika moto wa mlima ilikofuliwa. Gandalf alipopewa aliikataa, kwa hofu kwamba angeitumia kwa nia njema akawa dhalimu. Galadriel naye aliikataa. Aliyeibeba ni Frodo, wa kabila la mahobiti, watu wafupi wapendao bustani na chakula kizuri. Alivumilia njaa, kiu na majeraha mpaka akafika. Kisha, akisimama ukingoni mwa moto, alishindwa. Ndiyo, ndugu zangu, alishindwa. Alitamka kwamba Pete ni yake, akaivaa. Wala hakuwapo jemadari wala malaika wa kumnyang’anya. Aliyeipata ni Gollum, kiumbe dhalili aliyeharibiwa na tamaa ya Pete hiyo kwa miaka mingi. Aling’ata kidole cha Frodo, akaruka kwa furaha, akateleza, akaanguka motoni pamoja nayo.

Je, Gollum alifikaje pale, hali alikuwa anastahili kufa tangu zamani? Alifika kwa sababu aliachwa hai. Bilbo, mjomba wa Frodo kwa malezi, alikuwa na upanga mkononi gizani, akamhurumia. Frodo mwanzoni alilalamika kwamba ingalikuwa heri Bilbo angalimuua, na Gandalf akamkemea. Lakini Frodo alipomwona kiumbe yule kwa macho yake, naye akamhurumia. Mwishoni kabisa, kwenye mteremko wa mlima, Sam, mtunza bustani asiyempenda hata kidogo, alimwinulia upanga, moyo wake ukakataa. Huruma tatu za watu watatu wadogo, kila moja ikionekana wakati ule kuwa upumbavu, ndizo zilizofanya kile ambacho majeshi yasingeweza. Tena mmojawapo wa waliohurumia ndiye aliyeokolewa nayo, saa ile nguvu zake mwenyewe zilipokwisha.

Tolkien hakuiandika sehemu hiyo kwa bahati. Katika barua ya mwaka 1956 aliihusisha na maombi ya mwisho ya Sala ya Bwana: lile la kusamehewa kama nasi tunavyosamehe, na lile la kutotiwa katika kishawishi. Na siku aliyoichagua kwa ajili ya kuangamizwa kwa Pete ni tarehe 25 Machi, ambayo sisi Wakatoliki tunaiadhimisha kuwa Sherehe ya Kupashwa Habari, siku ambayo binti mmoja wa Nazareti, asiye na jeshi wala cheo, alimjibu malaika.

Huenda mtu akatuambia: Padre, huruma peke yake hailindi mji. Tunakubali. Tolkien alikuwa askari, hakuwadharau askari. Katika hadithi yake Aragorn anaongoza jeshi lisilofikia watu 7,000 hadi kwenye lango la adui, akijua kwamba kwa silaha hawezi kushinda. Anakwenda ili kuyavuta macho ya Sauron yasimtazame mhobiti anayepanda mlima. Ushujaa ule ulikuwa wa lazima. Lakini ulikuwa mtumishi wa jambo dogo lililofichika, nao ulijua hivyo. Nguvu inayokubali kutumika kwa ajili ya mnyonge ni njema. Nguvu inayotaka kuhesabiwa ya kwanza ndiyo iliyomharibu Morgoth.

Nasi watu wazima tusiwacheke vijana wa ngazini. Mitume wenyewe, kwenye karamu ya mwisho, walibishana ni nani kati yao aliye mkuu, kama Mtakatifu Luka anavyosimulia, na Bwana aliwajibu kwa kujiita mtumishi wao. Mabishano hayo hayajaisha. Ni mara ngapi tumeulizwa, katika jumuiya ndogo ndogo na hata ofisini kwetu, ni maombi ya nani yenye nguvu zaidi, ni mhubiri gani anayewashinda mapepo wengi, au kama maji ya baraka yanashinda kago ya mganga? Tunaishi kana kwamba Mungu ni mmoja wa washindani, mkubwa kidogo kuliko jini la jirani. Anayeamini hivyo atahama kila anaposikia habari za aliye mkubwa zaidi. Eru wa Tolkien hayumo katika orodha ya wenye nguvu, kwa kuwa ndiye aliyewapa wote kuwapo. Je, Mungu wetu wa kweli si zaidi sana?

Wakati huohuo wapo kati yetu ndugu wa tumbo moja wanaokaa mabenchi tofauti kila Dominika, na unapofika wakati wa kupeana amani wanatazama upande mwingine, kwa sababu ya kiwanja alichokiacha baba yao. Kila mmoja anasubiri mwenzake ashindwe. Tunawaambia kwa upendo: ipo siku nanyi mtasimama mahali ambapo nguvu zenu zitakwisha, kama zilivyokwisha za Frodo. Siku hiyo hamtasaidiwa na mashauri mliyoshinda mahakamani. Huenda mkasaidiwa na ile huruma mliyomfanyia mtu asiyestahili.

Kwako mama yetu tunasema: usiwazuie. Kaa nao watazame, uwaulize maswali, na wanaoweza kusoma Kiingereza wavisome vitabu vyenyewe, maana ni bora kuliko filamu. Nanyi vijana, endeleeni kubishana, hamkufanya kosa. Ila tunawapa swali la nyongeza kwa Jumamosi ijayo: kati ya viumbe wote hao, ni yupi angeweza kuwa na upanga mkononi na adui miguuni pake, akaurudisha alani?

Tuwaachie jambo moja la mwisho. Tolkien alikuwa miongoni mwa walioshiriki kutafsiri Biblia ya Yerusalemu kwa Kiingereza, iliyotolewa mwaka 1966, naye alishughulikia Kitabu cha Yona. Mkiwauliza watoto wa mafundisho ni nani mwenye nguvu katika kitabu hicho, watawajibu kwa haraka: samaki. Lakini samaki anatoweka mapema. Kinachobaki mpaka mwisho ni Yona aliyekasirika chini ya jua, kwa sababu Mungu ameihurumia Ninawi. Kakisomeni kitabu hicho juma hili, ni kifupi, hakifiki hata kurasa tano. Kisha mwenye ugomvi na ndugu yake asisubiri Kwaresima.

Tunawatakia Dominika njema, na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.

Paroko wenu