Kabla Hujauza Mtamba Ununue Jina

Majuma mawili yaliyopita nilibishiwa hodi jioni na mume na mke ninaowafahamu tangu nilipohamia hapa mjini Kakamega. Mama huyu hutengeneza siagi ya njugu, na kwa muda wa miaka kumi na mmoja mikebe yake imekuwa ikisafiri kwa basi hadi Kisumu, Eldoret na Nairobi. Walikaa, wakanywa chai, wakanieleza kwamba kesho yake asubuhi mnunuzi angekuja kumchukua mtamba wao wa pekee. Nilipouliza kulikoni, baba alijibu kwa sauti ya chini, "Tunanunua jina letu."

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka sita iliyopita walimpa kijana mmoja kazi ya kuwatengenezea tovuti. Kijana aliifanya kazi vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini alipokwenda kusajili jina la biashara lenye nukta com mwishoni, lile ambalo wataalamu huliita jina la kikoa, aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Kila mwaka mama alimtumia pesa za kulilipia. Mwaka huu walikosana kuhusu malipo ya kazi nyingine, na kijana akatamka: anayelitaka jina alete shilingi 150,000.

Yamkini unajiuliza bei hiyo ameitoa wapi. Alikuja na karatasi. Kuna mashine za kukadiria bei kwenye intaneti, unaandika jina nazo zinakutolea tarakimu, na yake ilisema dola 1,200. Aidha, aliwasimulia habari za business.com, jina lililonunuliwa kwa dola 150,000 mwaka wa 1997 na kuuzwa tena kwa dola milioni 7.5 mwaka wa 1999, pamoja na voice.com lililochukuliwa kwa dola milioni 30 mwaka wa 2019. Habari hizo ni za kweli. Lakini hebu tazama: business na voice ni maneno ya lugha inayosomwa duniani kote, na makampuni elfu moja yangeweza kuyagombea. Jina la mama huyu ni jina la marehemu nyanyake pamoja na neno "njugu". Ni nani mwingine ulimwenguni atakayelihitaji?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mashine hutazama urefu wa jina, maneno yaliyomo, kiishilio chake na majina yanayofanana nalo yaliyowahi kuuzwa. Haijui wanunuzi ni wangapi. Na jina lenye mnunuzi mmoja tu halina bei ya soko. Lina bei ya mnunuzi huyo.

Basi tuliketi na daftari la mauzo. Nilimwuliza mama, tukiliacha jina hili kabisa, utapoteza nini? Alikuwa na vibandiko 4,000 vilivyokwisha kuchapishwa vyenye anwani hiyo, kila kimoja kwa shilingi 6: hizo ni 24,000. Kibao cha barabarani, 3,500. Oda zilizopitia tovuti katika miezi mitatu zilikuwa 14, faida yake jumla 9,800. Tukikisia kwamba nusu ingepotea wateja wakiizoea anwani mpya, ni 4,900. Jumla, shilingi 32,400. Huo ndio ukawa ukuta wetu. Kupita hapo, afadhali kuhama.

Baba alilitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kumpigia simu mnunuzi wa mtamba.

Kwa sisi wa Kakamega jambo hili si geni sana. Mwaka wa 1931 dhahabu ilipogunduliwa hapa, Wazungu walimiminika wakipiga vigingi kila upande, na Desemba mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ikaigeuza sheria ya ardhi ili wenyeji waweze kuondolewa kwenye vipande vilivyotakiwa. Jina la Rosterman limesalia mpaka leo. Kupiga kigingi hakukuwa kuchimba. Wala kusajili jina la kikoa si kulimiliki milele. Ni kukodi kwa mwaka au miaka kadhaa, na asiyelipa hupokonywa. Tofauti ni kwamba safari hii kigingi kilipigwa na kijana wetu wenyewe, kwa pesa za mama.

Kabla ya kukutana na kijana nilimhimiza mama afanye mambo mawili. La kwanza, alisajili jina lilo hilo likiwa na nukta co nukta ke, ambalo halikuwa limechukuliwa. Majina ya ke husimamiwa na KENIC, iliyoundwa mwaka wa 2002, na wewe hununua kupitia kwa mawakala wake. Alilipa shilingi 1,200, kwa jina lake na barua pepe yake. Asiye na njia nyingine habembelezi bei, hulia tu. La pili, alitazama katika daftari la umma la majina. Siku hizi jina la mwenyewe mara nyingi hufichwa, lakini tarehe ya kumalizika muda huonekana. Lilikuwa limebakiza majuma saba, na safari hii pesa za kulipia zingetoka mfukoni mwa kijana.

Baba alitaka tutishe kwa mashtaka. Mimi nilikataa. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuwanyang'anya wanaoshikilia majina ya wenzao kwa nia mbaya. Lakini ada ya shauri kama hilo mbele ya WIPO, kwa mwamuzi mmoja, ni dola 1,500, zaidi ya bei aliyoitaja kijana mwenyewe! Tena lazima uthibitishe kwamba alama ya biashara ni yako, na mama hakuwa ameiandikisha alama yake kwa KIPI. Tisho usiloweza kulitekeleza huongeza bei.

Tulikutana katika hoteli moja karibu na bustani ya Muliro. Mama ndiye aliyesema.

"Mwanangu, kazi yako ya kwanza ilikuwa nzuri, na sikuja kugombana. Hii hapa anwani yangu mpya." Akamwonyesha simu. "Ile ya zamani nitakulipa shilingi 10,000, kwa sababu ya vibandiko."

"Mama, mashine imesema 150,000."

"Basi iuzie mashine."

Nilikaribia kupaliwa na chai. Kijana akashuka hadi 60,000, kisha 35,000. Mama akanyamaza. Ukimya huo, msomaji wangu, ulikuwa mrefu kiasi cha mandazi mawili, nami nilimkanyaga baba mguu chini ya meza asije akaujaza maneno. Hatimaye ilijulikana kwamba kijana alikuwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili, shilingi 18,000. Mama alitoa hizo 18,000, wala hakuongeza.

Usilipe pesa zote halafu ungoje. Waliandikiana mkataba mbele ya wakili, 5,000 zikatolewa hapo hapo na 13,000 zikazuiliwa. Kwa mauziano ya watu wasiojuana kuna makampuni yanayoshika pesa katikati mpaka jina lihame. Hapa wakili alitosha. Mama alifungua akaunti kwa wakala yule yule wa usajili aliyetumiwa na kijana, maana kuhamisha ndani ya duka moja ni jambo la dakika chache, ilhali kuhamia duka jingine huhitaji msimbo wa siri na kungoja siku kadhaa. Jina lilipoonekana katika akaunti yake, alibadilisha nywila, akaandika barua pepe yake, ndipo baba akatuma zilizosalia kwa M-Pesa.

Jumanne nilipita kwao kununua mkebe. Mtamba alikuwa amefungwa chini ya mparachichi, akitafuna. Mama alikuwa ameteremsha kalenda kutoka ukutani, anaizungushia duara jekundu tarehe ya kulipia upya, na binti yake wa kidato cha tatu anamwandikia nywila nyuma ya daftari la mauzo. Nilimwambia binti aichane karatasi hiyo aifiche pengine.